Somo: Kupima momenta kwa gololi mbili na sinia la mchanga

Aliyewahi kucheza keram anaijua hii: kete inaigonga nyengine sawasawa, yenyewe inasimama, na iliyogongwa ndiyo inayoondoka. Kilichohama ni momenta, yaani tungamo mara kasi. Ila ubao wa keram haufai kupimia, maana msuguano unaanza kula kasi hapo hapo. Mimi hapa Wete nimezoea kuziacha gololi zianguke kutoka barazani.

Tafuta gololi mbili za ukubwa mmoja, mfereji wa plastiki wa kupitishia waya za umeme, rula, uzi wenye jiwe wa kufanya timazi, na sinia la mchanga wa pwani uliochekechwa. Unyevushe kidogo, ukiwa mkavu alama hufukiwa.

1. Uinamishe mfereji, lakini ncha yake ya chini ilale bapa kwenye ukingo wa baraza. Wengi huharibu hapa. Weka gololi kwenye ncha: ikitulia bila kubiringika, endelea.

2. Ning'iniza timazi kwenye ncha. Jiwe linapoelekea chini ndipo sifuri yako.

3. Tia alama sentimita 10 juu ya usawa wa ncha. Achia gololi kutoka hapo mara tano, usiisukume, uchukue wastani. Baraza langu liko sentimita 45 juu ya sinia, na gololi huchukua sekunde 0.30 kufika chini, iwe imeruka kwa kasi au polepole. Kwa hivyo umbali ndio unaokwambia kasi, saa huihitaji. Yangu ilitua sentimita 36.

4. Sasa gololi ya pili iketi kwenye ncha, na ya kwanza uiachie pale pale. Ta! Ya pili ikatua sentimita 33, ya kwanza ikadondoka sentimita 2 tu kutoka sifuri.

Tungamo ni sawa, basi tunajumlisha umbali: 33 + 2 = 35, na kabla ilikuwa 36. Momenta ipo karibu yote. Nishati ya mwendo hufuata kasi kipeo cha pili: kabla 1296, baada 1089 + 4 = 1093, yaani asilimia 84.

5. Bandika kidonge cha unga wa chapati uliokandwa kwenye gololi ya pili ili zigande. Zangu zilitua pamoja sentimita 17. Momenta 34, nishati 578, chini ya nusu! Tonge la unga limebonyea, na kubonyea kuna gharama yake.

MASWALI

Mwanafunzi, Chake Chake: Shikamoo maalim. Nimepiga hesabu ya kushuka sentimita 10, nimepata gololi itue sentimita 42. Mbona 36?

Marahaba mwanangu, hesabu yako ni nzuri. Umeihesabu kama inateleza, nayo inabiringika. Katika tufe linalobiringika, sehemu 2 kati ya 7 za nishati zimo kwenye kuzunguka. Zitoe, utaipata 36.

Mdau, Mkoani: Ile asilimia 16 imekwenda kwenye sauti?

Sauti ni chembe tu ndugu yangu, sikio ndilo linaloikuza. Nyingi ni joto, na kioo chenyewe kutikisika. Tena gololi ya kwanza bado inazunguka baada ya kugonga, na sinia halipimi mzunguko.

Mama wa watoto watatu, Unguja: Maalim, nyumbani zipo kubwa na ndogo tu.

Zinafaa dada, ila kubwa ndiyo igonge. Ndogo ikigonga kubwa inarudi nyuma mferejini. Mwombe sonara akupimie gramu zake, kisha kila umbali uuzidishe kwa gramu za gololi yake kabla ya kujumlisha. Ndogo itaruka mbali kuliko 36, kwa hivyo ongeza sinia la pili.