Kadi za wajina: namna ya kutenganisha watu mashuhuri wenye jina moja

Ukitaja Shabani pale Ngamiani, swali utakalorudishiwa ni "Shabani wa nani?" Anayeandaa orodha ya watu mashuhuri kwa maktaba ya shule, maelezo ya picha za zamani au historia ya mtaa wake hapa Tanga, ajizoeze kuuliza hivyohivyo kila jina linapojitokeza kwenye karatasi. Majina ya pwani hii mengi yanatokana na siku, kama Juma na Hamisi, na miezi, kama Rajabu, Shabani na Ramadhani, au ni ya Mtume na masahaba zake. La baba na la babu nayo yametoka hukohuko. Ndiyo maana watu wawili wasio na udugu wowote wanaweza kulingana majina mawili, hata matatu.

Kazi hii hufanywa kwa kadi. Daftari halifai, maana wajina hugunduliwa kwa kuchelewa na daftari halina nafasi ya kumwingiza mtu katikati. Chukua manila ya A4, ikate vipande vinne sawa. Kila kipande kitakuwa sm 10.5 kwa 14.8, hakuna kinachotupwa, na boksi la viatu linazibeba kadi hizo vizuri. Andika kwa penseli ya HB. Wino wa jeli huchuja kwa unyevu, hasa masika. Usibane kadi kwa klipu za chuma, kwani hewa ya bahari huzipiga kutu na kutu huacha doa juu ya maandishi. Uzi unatosha.

Kadi moja, mtu mmoja. Juu andika jina kama lilivyo kwenye chanzo, herufi kwa herufi, hata kama unaona limekosewa. Chini yake jina kamili: lake, la baba, la babu, na nisba, yaani jina la ukoo au la asili, kama ipo. Mstari wa tatu ni wa tahajia nyingine na lakabu. Kisha mahali, miaka na kazi. Kisha chanzo na namba ya ukurasa. Kadi isiyo na chanzo ni uvumi tu, hata iandikwe kwa mwandiko mzuri namna gani. Mstari wa mwisho, ambao wengi huuruka, uanze na maneno "Si huyu:" na utaje wajina wake wote unaowajua. Mwanafunzi atakayeokota kadi ya mtu asiye wake ataelekezwa na mstari huo.

Sasa kanuni ya kuunganisha. Usiweke karatasi mbili kwenye kadi moja mpaka zikubaliane kwa mambo mawili zaidi ya jina, na moja kati ya hayo liwe la ukoo: baba, babu au nisba. Miaka, mahali na kazi peke yake hudanganya. Mfano ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Tuseme umepata risiti ya forodha ya miaka ya 1930 yenye sahihi "Shabani, karani". Miaka imelingana, kazi imelingana, na moyo unakwambia umeokota dhahabu. Lakini forodha za pwani zilikuwa na makarani wengi, na Shabani si jina adimu. Jina la baba halipo, basi risiti hiyo ipate kadi yake, na kwenye kadi andika "labda" pamoja na sababu. Kuunganisha kadi mbili ni kazi ya dakika moja. Kuzitenganisha baada ya maelezo kuchanganyika, mara nyingi haiwezekani tena.

Huyohuyo Shaaban Robert ana mtego wa pili. Katalogi nyingi humpanga kwenye herufi R kwa kudhani Robert ni jina la ukoo kama la Kizungu, ilhali ni jina la baba yake. Kwa orodha ya watu wa huku panga kwa jina la kwanza, halafu kwenye R weka kadi tupu ya kuelekeza: "Robert, Shaaban: tazama Shaaban Robert". Ukifuata mtindo wa jina la mwisho, baba na mwana wanaweza kuangukia herufi tofauti, na watu wasiojuana wakapangwa pamoja kama ndugu.

Cheo ndicho kinachowaponza wengi, kwa sababu kinaonekana kama alama ya uhakika. "Rais Karume wa Zanzibar" ni Abeid Amani Karume, aliyeongoza kuanzia 1964 hadi alipouawa Aprili 1972. Pia ni mwanawe, Amani Abeid Karume, aliyeongoza 2000 hadi 2010. Majina ni yaleyale matatu, yamebadilishana nafasi tu, maana mwana alipewa jina la babu yake. Desturi hiyo ipo kila mahali pwani, kwa hiyo mpangilio wa majina usiuguse hata herufi moja. "Rais Mwinyi wa Zanzibar" nao ni wawili: Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais huo 1984 hadi 1985 kabla ya kuwa Rais wa Muungano, na mwanawe Hussein Ali Mwinyi, aliyeushika tangu 2020. Ukivuka mto Wami kuelekea kusini utakuta "Mbunge Kikwete wa Chalinze", ambaye ni Jakaya Mrisho Kikwete hadi 2005 na Ridhiwani Kikwete kuanzia 2014. Dawa ni moja: miaka ya madaraka iandikwe papo hapo baada ya jina, si chini kwenye maelezo. "Mkubwa" na "mdogo" yaache. Yanaeleweka kwa waliowajua wote wawili, na msomaji wa kesho hatakuwa miongoni mwao.

Bagamoyo kuna mfano unaohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jina lililorithiwa ni lakabu. Sheikh Ramiya wa tarika ya Kadiria jina lake ni Yahya bin Abdallah. Waingereza walimfanya liwali wa Bagamoyo mwaka 1916, naye akafariki mwaka 1931. Mwanawe Muhammad alimrithi uongozi wa tarika, na jina la Ramiya likaendelea naye. Simulizi inayosema "Sheikh Ramiya" bila mwaka haifai kwenda kwenye kadi ya yeyote kati yao. Ipe kadi ya muda, kisha tafuta ndani yake tukio lenye tarehe. Jambo la kabla ya 1931 usimpe mwana haraka, na la baada yake haliwezi kuwa la baba.

Kwenye rafu ya riwaya tatizo linakuja kwa sura nyingine. Mohamed Said Abdulla, aliyezaliwa 1918, ndiye aliyemleta mpelelezi Bwana Msa. Mohamed Suleiman Mohamed ni mwandishi wa Kiu. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa 1947, ni mwandishi wa Utengano. Wote Wazanzibari, wote waandishi wa riwaya, kwa hiyo mahali na kazi havisaidii kitu. Anayefupisha ndiye anayeharibu kabisa: "M. S." ni ya wawili wa kwanza, na "Mohamed" ni ya wote watatu. Ukikata jina la tatu la Bwana Abdulla unabaki na Mohamed Said, ambaye ni mtu mwingine tena, mwandishi wa maisha ya Abdulwahid Sykes. Marufuku basi kuandika herufi za mwanzo peke yake. Andika majina yote matatu, na badala ya kazi weka kitabu kimoja kinachomtambulisha.

Tarehe za Hijria ndizo zinazozaa makosa makubwa na ya kimyakimya. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa takriban siku kumi na moja, kwa hiyo haitoshi kujumlisha 622. Zidisha kwanza mwaka wa Hijria kwa 0.97, ndipo ujumlishe 622. Chukua mwaka 1307, ulio katika jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, kuutamalaki Mrima, yaani pwani ya bara. Mara 0.97 unapata karibu 1268. Ongeza 622, unafika 1890. Kwa usahihi, mwaka ule ulianza Agosti 1889 ukaisha Agosti 1890, ndiyo maana jibu la hesabu hii lichukuliwe kuwa na mwaka mmoja wa kupungua au kuzidi. Anayejumlisha tu anaangukia 1929. Tofauti ni miaka karibu 40, na hapo ndipo wajina wanapomnasa. Sultani wa Zanzibar mwaka 1889 alikuwa Khalifa bin Said, aliyetawala 1888 hadi 1890 na ndiye aliyeukabidhi utawala wa Mrima kwa kampuni ya Wajerumani Aprili 1888. Sultani wa mwaka 1929 alikuwa Khalifa bin Harub, aliyetawala 1911 hadi 1960. Hati inasema "Sultani Khalifa", hesabu mbovu inaleta mwaka wenye Sultani Khalifa, na mwandishi analala usingizi akijua mambo yamepatana. Kosa la aina hii halijionyeshi lenyewe. Kila palipoandikwa Khalifa, dai jina la baba, na rudia hesabu. Fanya vivyo hivyo kwa Ali: Ali bin Said ni 1890 hadi 1893, Ali bin Hamud ni 1902 hadi 1911.

Hati za herufi za Kiarabu zina shida yake, kwa sababu irabu fupi haziandikwi. Hamad na Hamed zinakuwa maandishi mamoja, na Hamud inazidi kwa wau moja tu, ambayo karatasi iliyotafunwa na wadudu inaweza kuwa imeipoteza. Katika miaka ileile ya misafara ya Bagamoyo alikuwapo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki 1905. Alikuwapo Sultani Hamud bin Muhammed, aliyetawala 1896 hadi 1902. Kabla yake alitawala Hamad bin Thuwaini, aliyefariki 1896. Wawili wa kwanza wanalingana mpaka jina la baba, kwa hiyo kanuni ya ukoo hapa inataka babu au nisba. Ukiona el-Murjebi, shaka imekwisha. Usipoiona, andika mizizi ya herufi kama ilivyo, H-M-D, na usijaze irabu kwa kukisia.

Kosa la upande wa pili ni kumgawa mtu mmoja kuwa wawili. Kiongozi wa vita vya Pangani dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa hukohuko Pangani Desemba 1889, utamkuta ameandikwa Abushiri, Bushiri na al-Bashir bin Salim al-Harthi. Kadi yake ni moja. Zile nyingine ziwe za kuelekeza tu. Wa siku hizi hugawanyika kwa jina la kazi: Mwana FA wa muziki na Hamis Mwinjuma, mbunge wa Muheza tangu 2020, ni mtu mmoja. Kabla ya kupanga boksi, andaa kadi za makundi ya tahajia: Ali na Ally; Shabani na Shaaban; Hamisi na Khamis; Athumani na Othman; Abdalla, Abdallah na Abdulla; Mohamed, Mohammed na Muhammad. Zinakuongoza kutafuta tu. Usimsahihishe mtu jina lake ili boksi lipendeze.

Kwa wazee, namna ya kuuliza ndiyo inayoamua jibu. Ukionyesha picha na kusema, "Shikamoo mzee, huyu si ndiye fulani?", wengi watakuitikia kwa adabu, na hiyo itaingia kwenye kadi kama ushahidi. Uliza, "Mzee, huyu ni nani?", nyamaza, kisha "Wa nani?", kisha "Akikaa barabara ya ngapi?" Ngamiani mitaa ina namba, na mzee aliyesahau mwaka hukumbuka kuwa jamaa alikuwa wa Barabara ya Saba. Uliza pia jina la mama. Wajina wa baba mmoja wapo, hasa pale mtoto wa kwanza alipofariki na wa pili akapewa jina lilelile, na hapo ni mama au mwaka tu utakaowatenganisha. Wanawake waulizie kwa majina mawili, la "binti" na la heshima, maana wengi wamo kwenye kumbukumbu kama Bi au Mama fulani bila jina lao wenyewe.

Ukihamishia kadi kwenye Excel, kila jina lipate safu yake: la kwanza, la baba, la babu, nisba, lakabu. Mwaka uwe safu ya peke yake, tarakimu nne tu. Programu hiyo haitambui tarehe za kabla ya 1900 kama tarehe, kwa hiyo Desemba 1889 itabaki maandishi, na ukipanga kwa tarehe itatengwa na za baadaye. Hijria nayo iwe na safu yake, bila kufuta namba ya awali hata baada ya kuibadilisha. Mpe kila mtu namba ya kudumu ambayo haitumiki tena hata kadi ikifutwa, na kwenye safu ya "Si huyu" andika namba za wajina badala ya majina. Boksi la kadi usilitupe. Neno "labda" la penseli mara nyingi halihamishwi kwenda kwenye kompyuta, na bila hilo jedwali zima linaonekana kuwa na uhakika lisilokuwa nao.