Kuandika Kiiraqw kwenye kompyuta bila kupoteza herufi

Jumamosi nilikaa na kijana wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, anayekusanya maneno ya Kiiraqw, lugha ya bibi yake. Tulianza saa tatu asubuhi, tukaondoka giza limeshaingia, na karibu muda wote uliliwa na alama moja, mkwaju (/). Naandika ili wewe usiyapitie.

Hatua ya 1: Sauti kwanza
Mwombe mzungumzaji ahesabu moja hadi kumi huku unarekodi: wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an, lahhoo', faanqw, dakaat, gwaleel, mibaangw. Sikiliza lahhoo', yaani sita. Ile hh inatoka kooni kabisa, kama ح uliyofundishwa madrasa. Mwishoni pumzi inakatwa ghafla. Hapo ndipo pa ritifaa, yaani alama hii: '. Irabu ndefu huandikwa mara mbili.

Hatua ya 2: Herufi ngeni
Q ni ق, x ni kh ya "kheri". Kwa sl, weka ulimi kama unataka kusema l, kisha puliza, hewa ipite pembeni. Slee ni ng'ombe. Usiandike "shee"!

Hatua ya 3: Mkwaju
Hapa ndipo tulipokwama. Sauti ya ع huandikwa kwa mkwaju: /ameeni, mwanamke. Huo mkwaju ni herufi kamili, lakini kompyuta haijui.

Tulikuwa tunaandika kwenye programu ya majedwali. Kila tukianza kisanduku kwa mkwaju, vijiherufi vinachipuka juu ya menyu, na herufi zinazofuata zinafungua mambo tusiyoyaomba. Tukadhani kibodi imeharibika, tukaazima nyingine. Yale yale. Dawa ni kubonyeza F2 kwanza, ndipo uandike. Lakini mimi siku hizi naandika kwenye Notepad, programu ya maandishi matupu, neno moja kila mstari, jedwali baadaye. Nakushauri hivyo hivyo.

Ukitumia programu ya kuandikia barua, zima kwanza ile huduma inayopinda ritifaa. Sisi tulikuwa na do', nyumba, mara mbili: moja ina ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa macho ni neno moja, ila ukilitafuta unapata moja tu.

Maana zitenganishe kwa mkato. Tulikuwa tumeandika "mwanamke/mke", kisha tukaamuru mikwaju yote igeuzwe mikato. Ikageuka kweli, hata ya /ameeni. Tukarudia maneno yote kutoka kwenye daftari.

Jina la faili nalo halikubali mkwaju, kwa hiyo lipe jina la Kiswahili. Na tafadhali, usiuache mkwaju kwa sababu simu inasumbua. Bibi aliitamka sauti ile, iandike.

Hatua ya 4: Kusahihisha
Hifadhi nakala mbili, kisha msomee bibi orodha nzima kwa sauti. Akikuomba urudie neno, rudi kwenye rekodi.