Kuhesabu sato wa dimbwi la mjini

Dimbwi langu liko Mwanza, nyuma ya nyumba za mtaani kwetu: shimo la wachimba mchanga lililojaa maji ya mvua na ya mifereji. Aliyetia sato humo hajulikani mpaka leo. Watoto wanasema samaki wamejaa, baba zao wanasema wamekwisha, na maji ni yaleyale. Ikabidi nihesabu.

Kwanza mjue unayemhesabu. Sato si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, na wazee wa huku bado wanawataja ngege na mbiru, wenyeji wenyewe. Tazama mkia: wa sato una mistari iliyosimama wima, toka juu mpaka chini, wa ngege hauna. Asiyeeleweka mwandike pembeni, kwani sato huzaa na jamaa zake na machotara wapo.

Pita ofisi ya uvuvi uombe ruhusa, usije ukaitiwa mwizi. Vaa mabuti marefu. Kichocho hakina adabu.

Siku ya kwanza tupa kimia mara 20, ukilizunguka dimbwi lote. Kila samaki mpime toka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, mkate kwa mkasi ncha ndogo ya pezi moja la tumboni, umrudishe upesi. Mikono iwe imelowa. Baada ya wiki moja rudia. Ukichelewa sana pezi litaota. Tuseme uliwatia alama 60, na safari ya pili umepata 50, kati yao 10 wana alama. Zidisha 60 kwa 50, ugawe kwa 10: humo mna sato kama 300. Wenye alama wakiwa wawili watatu tu, hesabu hiyo usimwonyeshe mtu, katupe tena. Na mvua kubwa ikinyesha katikati, mfereji ukafurika hadi dimbwini, anza upya, maana wageni wameingia na wenyeji wametoka.

Rudia zoezi zima kabla na baada ya masika, kwa wavu uleule. Hapa niliumbuka. Mwaka wa pili kimia changu kilichanika, nikaazima cha jirani chenye macho madogo, nikatangaza mtaani kwamba sato wameongezeka maradufu. Kumbe nilikuwa navua vifaranga ambao wavu wa zamani uliwapitisha. Mjukuu wangu, karani wa daftari, ndiye aliyegundua: vipimo vyote vilikuwa vifupi ghafla.

Ndiyo sababu nasisitiza urefu. Sato wakibanana na chakula kikapungua, hudumaa na kuanza kuzaa wangali wadogo. Dimbwi linaweza kuonekana limejaa, kumbe hamna wa kutosha sufuria moja.

Saa nayo isibadilike. Mimi huanza saa tatu asubuhi. Alfajiri, maji machafu yakiishiwa hewa, sato hupanda juu kutweta. Ukiwavua hapo utadhani umepata baraka.

Jike lenye mayai mdomoni silipimi. Likitishika huyatema, na yakishazama topeni hayaokoteki. Nakadiria kwa macho, mjukuu anaandika "mama", nami nalirudisha majini.