Kabla ya kubadilisha bati, madirisha na lipu kwa mkupuo: mambo ya kuzingatia kwa nyumba ya Mwanza

Ukiamua kuivua nyumba gamba lake lote, yaani bati, fishabodi (mbao za ukingo wa paa), gata, madirisha, lipu na rangi, swali la kwanza kumuuliza fundi ni hili: kila jioni tutaifungaje? Bei na rangi zinafuata baadaye. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 12 iliyoezuliwa yote, ikanyeshewa milimita 40 usiku mmoja, imeingiza ndani lita 4,800. Ni simtanki nzima imepasukia sebuleni, na siling bodi ya jipsamu haivumilii hata sehemu ndogo ya maji hayo: inavimba, inalegea kwenye misumari, inaanguka vipande vipande.

Kufanya kazi zote kwa pamoja kuna faida ya kweli. Mirunda, yaani miti ya kupandia mafundi, inasimamishwa mara moja, na maungio, pale bati linapokutana na ukuta na pale fremu inapokutana na lipu, yanafungwa na watu wanaoonana. Ukipiga lipu mwaka huu na kuezeka mwakani, fundi wa bati atabomoa kingo za lipu mpya na ngazi yake itachubua rangi. Ila kubadilisha vyote hakumaanishi kufungua vyote siku moja.

Anza na kalenda. Kanda ya Ziwa ina vuli, takribani Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Januari na Februari mvua hupungua lakini si za kuaminiwa. Kazi kubwa ya nje ipangwe Juni, Julai na Agosti. Hesabu kurudi nyuma: lipu mpya inahitaji siku 7 za kumwagiliwa na kwa jumla siku 28 kabla ya rangi. Ukitaka rangi ikamilike mwisho wa Agosti, lipu iwe imekwisha katikati ya Julai na bati mwisho wa Juni. Kwa hiyo mbao, bati na madirisha yaagizwe Mei, mvua zingali zinanyesha. Anayesubiri jua ndipo aagize hukuta foleni kiwandani, na vuli humkuta kwenye mirunda.

Mwezi huohuo wa Mei malizana na ofisi. Uliza kibali halmashauri, Jiji la Mwanza kama uko Nyamagana au Manispaa kama uko Ilemela, hasa ukibadilisha umbo la paa au kuongeza ukubwa wa madirisha. Waya wa TANESCO ukiwa umefungwa kwenye fishabodi au ukuta wa mbele, waombe wao wauhamishe. Fundi wa bati asiuguse hata kwa kuusogeza kidogo. Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto ni suala la peke yake: mabamba yale hayavunjwi, hayakatwi kwa grainda na hayatupwi korongoni, maana vumbi lake huharibu mapafu. Pata maelekezo ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kumruhusu mtu yeyote apande.

Kisha panda darini na tochi na bisibisi. Choma kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, karibu na ukuta na chini ya kila alama ya kuvuja. Mbao nzima inaikataa bisibisi. Iliyooza inaipokea kama muhogo uliochemshwa. Tazama njia za mchwa, na tazama kama kenchi zimefungwa ukutani kwa nondo au bandi ya chuma au zimelazwa tu juu ya mbao ya ukuta. Upepo unaotangulia mvua kutoka ziwani huinua paa kwa kuanzia ukingoni, hivyo kenchi zisizofungwa zifungwe sasa, wakati bati limetoka. Nunua akiba ya mbao za inchi 2x4 na papi (mbao zinazopigiliwa bati) zilizotiwa dawa, kwa sababu bati la zamani likitoka lazima zipatikane mbao mbovu ambazo tochi haikuzifikia.

Vipimo vya bati ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tufanye hesabu moja hadi mwisho. Nyumba ile ya 10 kwa 12, paa la miteremko miwili inayokutana kileleni, ukingo wa sentimita 60 kila upande, mwinamo wa nyuzi 20. Urefu wa paa ni mita 13.2. Kutoka ukingoni hadi kileleni, kwa kufuata mwinamo, ni mita 5.96. Dukani utaambiwa upana wa bati; uliza upana unaofunika baada ya kulaliana. Likiwa na sentimita 90 na linafunika 76, gawanya 13.2 kwa 0.76: mistari 18 kila upande, 36 kwa paa zima. Mabati ya mita 6 yaliyokatwa kiwandani yanatosha, na ungio la kileleni linafunikwa na kofia. Ukinunua ya mita 3 kwa sababu yapo dukani leo, mawili yakilaliana sentimita 15 yanabaki mita 5.85. Pengo la sentimita 11 litafidiwa mahali fulani, na mara nyingi fundi hupunguza mlalo hadi sentimita 4. Mvua iliyonyooka haitaingia. Ile ya upepo itapanda juu ya mlalo na kudondokea ndani, nawe utalaumu misumari.

Misumari yenyewe ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni, ikiwa na raba, na ikazwe mpaka raba iguse bila kupasuka. Kwenye ukingo na kileleni ipigwe karibu karibu. Papi zisipite sentimita 90 kati yake kwa geji 28. Bati jembamba la geji 32 linataka zikaribiane zaidi, la sivyo linabonyea fundi anapokanyaga na maji yanatuama. Bati la rangi likatwe kwa mkasi. Grainda inaunguza rangi ya ukingo, na chembe zake za moto zinanasa juu ya paa. Baada ya mvua chache utaona madoa ya kahawia kama mtu amemwaga chai.

Siku ya kuezua, toa upande mmoja tu, na kwa kiasi kitakachorudishwa kabla ya saa kumi jioni. Turubai liwepo juu tangu asubuhi: kwa paa hili, mita 8 kwa 15, ili lipite kileleni zaidi ya mita 1. Libanwe kwa papi na kamba. Mawe yanayowekwa juu ya turubai hubingirika usiku na kulitoboa, au kumwangukia mtu. Ngurumo za ziwani hukusanyika zaidi usiku na za nchi kavu mchana, kwa hiyo anga jeupe la saa kumi na moja jioni lisikudanganye.

Fishabodi zipakwe rangi pande zote nne zikiwa chini, kisha zipigiliwe, kisha gata. Gata la mita 13 lishuke kama sentimita 6 kutoka mwanzo hadi kwenye bomba, na vishikio visiachane zaidi ya sentimita 60.

Madirisha yaingie kabla ya lipu. Pima kila tundu sehemu tatu, chukua kipimo kidogo na utoe sentimita 1. Kizingiti kiinamie nje na kiwe na mfereji mwembamba kwa chini, ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Fremu za aluminiamu zifungwe nailoni kabla ya lipu kuanza, kwani saruji mbichi inaila aluminiamu na kuacha madoa yasiyofutika.

Lipu ya zamani igongwe kwa mpini wa nyundo, ukuta mzima. Panapolia tupu pabanduliwe. Kwa mita 100 za mraba, unene wa milimita 15, mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5, andaa mifuko 11 ya kilo 50 na mchanga mita 2 za ujazo. Mchanga upimwe kwa chupa: weka sentimita 10, jaza maji, tikisa, acha saa chache. Tabaka la udongo juu likizidi milimita 8, urudishe lori. Tofali za kuchoma zilowanishwe kwanza, zisije zikanyonya maji ya lipu ikabaki vumbi lenye nyufa.

Nyumba za Mwanza zilizopanda milimani zina adui mwingine: jiwe la nyuma ya nyumba. Mvua haizami kwenye jiwe, yote inateremka hadi ukutani. Chimba mfereji upande wa juu na uupitishe pembeni kabla ya lipu, vinginevyo rangi mpya itababuka kuanzia chini. Mirunda pia isisimamishwe juu ya jiwe tupu bila kufungwa. Miguu yake huteleza.

Rangi ianze umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi, na ikome saa tisa alasiri kwa nyumba za karibu na maji. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi, hufuata taa jioni na kunasa kwa maelfu kwenye rangi mbichi. Zima taa za nje usiku huo.

Malipo ya mwisho yasubiri maji. Mpandishe mtu na mpira, amwagie kileleni na kwenye kila ungio kwa dakika 15, mwingine akiwa darini na tochi. Mwaga ndoo mwanzoni mwa gata uone kama maji yanasimama popote. Na maji ya mvua za kwanza kutoka kwenye bati jipya yasiingie kwenye tangi la kunywa; yaache yaende bustanini.