Kuomba hela ya filamu Ulaya ukishutia Kenya: anza na hesabu

Wikendi iliyopita nimelala ofisini Ngara siku mbili nikisaidia dairekta mmoja kijana, filamu yake ya kwanza, kuingiza ombi. Mimi mwenyewe nimekataliwa mara nne na mara mbili hata hawakufika kwa skripti, walikwama kwa hesabu. Kwa hivyo naandika hii sai nikiwa bado nakumbuka.

1. Chagua mfuko unaokufaa

Si kila mfuko ni wako. Kama bado unaandika, anza na Hubert Bals, mfuko wa tamasha la filamu la Rotterdam kule Uholanzi, wanatoa yuro 10,000 za kukuza skripti na hapo hauhitaji prodyuza wa Ulaya. Ukishafika kwa kushuti kuna World Cinema Fund wa Berlinale, lile tamasha la filamu la Berlin, uko tangu 2004, na uzuri wake ni kwamba hela inatakiwa itumike huku kwetu, si Berlin. Ufaransa wako na Aide aux cinémas du monde (ya CNC, shirika la serikali la filamu, pamoja na Institut français, la utamaduni, tangu 2012) na Norway wako na mfuko wa Sørfond. Watu wananiuliza kama lazima Kenya iwe na mkataba wa serikali na hizo nchi, kwa World Cinema Fund na ule wa Ufaransa hapana, achana na hiyo wasiwasi.

2. Tafuta mwenza kabla ya fomu

Mwenza ni kampuni ya Ulaya inayotengeneza filamu pamoja na wewe. Ufaransa, kampuni ya huko ndiyo inaingiza ombi, si wewe. Ujerumani hela haitoki bila mwenza Mjerumani. Usitume barua pepe kwa kampuni hamsini, angalia filamu za Afrika ulizozipenda, soma majina yanayopita mwisho wa filamu mpaka taa ziwake, andikia watatu tu. Na mkataba wako na mwenza usainiwe kabla ya kuomba, hata kama ni ukurasa mmoja.

3. Skripti, sinopsi, maelezo ya dairekta

Hizo unajua.

4. Bajeti na mpango wa fedha (hapa ndio tumekesha)

Hivi ni vitu viwili. Bajeti inasema pesa itaenda wapi, mpango wa fedha unasema itatoka wapi, na jumla zao lazima ziwe sawasawa. Sawasawa kabisa, si karibu. Kijana wangu alikuwa na bajeti ya shilingi milioni 26, kwa bajeti amegawanya na 150 kupata yuro, kwa mpango akatumia 148 juu siku hiyo ndiyo Google ilimpa, tofauti ikawa zaidi ya yuro 2,300 ambazo hazina mwenyewe. Tulizitafuta kutoka saa tatu usiku mpaka saa nane, tukidhani ni mishahara ya kru, kumbe ni kiwango cha kubadilisha shilingi kwa yuro tu. Dawa: seli moja juu kabisa ya Excel, iandike kiwango na tarehe, halafu kila mstari wa bajeti na wa mpango ugawanywe na hiyo seli. Excel inatosha, programu za bajeti za kulipia mimi sina haja nazo.

Halafu vitu vya bure. Kamera yako, gari ya mjomba, nyumba ya shangazi Kitengela unayoshutia ndani: kama inaingia kwa mpango kama mchango, lazima iwe pia kwa bajeti kama gharama, kwa bei ya kukodi hapa Nairobi. Ukiweka upande mmoja hesabu inapinda. Malipo ya dairekta yanayosubiri filamu iuzwe ni hivyo hivyo. Lakini usizidishe, mpango ukiwa nusu yake ni michango na malipo ya kusubiri, wanaosoma maombi wataona hauna hela.

Safu ya mwisho ni hali ya kila pesa: imethibitishwa, imeombwa ama tunatafuta. Kijana alikuwa ameandika "imethibitishwa" kwa milioni 2.

"Lakini mkubwa, pesa si iko? Mjomba amesema."

"Amesema ama ameandika?"

Alikuwa ametuma voisi ya WhatsApp. Hiyo si uthibitisho, unataka barua yenye saini na kiasi, iambatishwe. Mimi ndivyo niliangushwa mara ya tatu.

Kitu kingine, mifuko hulipa kwa awamu na ya mwisho hutoka ukishapeleka filamu na hesabu, kwa hivyo kuna wiki utashuti na hela ambayo hujapewa. Mwambie mwenza nani atakopesha hapo katikati na riba iingie kwa bajeti. Acha pia asilimia 10 ya dharura, mvua ya Nairobi haikuulizi.

5. Saa

Wakisema mwisho ni saa sita mchana Berlin, hapa ni saa nane kipindi cha baridi yao na saa saba kipindi cha joto, wao hubadilisha saa mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba sisi hatubadilishi. Ingiza siku mbili mapema tu.

6. Risiti

Anza siku ya kwanza ya kushuti, si mwisho. Wauzaji wakupe ankara za eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ekstra, wale mia moja uliowalipa kwa simu pale Gikomba, wawe na karatasi: jina, namba ya kitambulisho, saini, kiasi, na msimbo wa M-Pesa kando yake. Mkaguzi wa Ulaya hajui M-Pesa ni nini, kwa hivyo chapisha pia taarifa (statement) ya M-Pesa ya mwezi wote, na hiyo laini uliyolipia isiwe ile unanunua nayo mboga.