Umebadili shokapu za mbele na gari bado inalia? Anzia hapa

Umetoka gereji na shokapu mpya za mbele, gari imenyanyuka vizuri, halafu ukiingia njia ya vumbi kule Goba, Dar, au ukikata usukani kupaki unasikia kriiii, au ile toing moja nzito pale pale juu ya tairi. Ukimpigia fundi anakwambia "boss hizo bado mpya, zitazoea tu." Hazizoei. Kama inalia kuna kitu hakijakaa sawa au kuna kitu cha zamani kimerudishwa juu ya kipya, na hapa mjini mara nyingi ni hicho cha zamani, maana wengi tunanunua shokapu tupu, mauntingi (kile kikalio kinachoshika shokapu juu kwenye bodi) na beringi yake na raba za springi zinarudi zile zile zilizopiga mashimo miaka yote. Kwahiyo usikimbilie Ilala kununua shokapu nyingine, tafuta kwanza sauti inatoka wapi, na vipimo vingi unafanya mwenyewe hapo nyumbani na mtu mmoja wa kukusaidia.

Cha kwanza jua inalia saa ngapi. Inalia ukizungusha usukani gari imesimama? Inalia ukipanda tuta polepole? Inagonga ko ko kwenye mashimo madogo madogo? Hizi sauti tatu zina wazazi tofauti na ukimpelekea fundi maelezo ya "inalia tu mbele huku" atafungua kila kitu na wewe utalipa kila kitu.

Tuanze na ya usukani maana ndio inasumbua wengi. Paki sehemu tambarare, handbreki juu, washa injini, mwenzako akae kwenye usukani azungushe taratibu mwisho hadi mwisho, wewe fungua boneti uangalie kichwa cha shokapu pale juu kwenye bodi. Kisha pitisha mkono juu ya tairi ushike springi kwa nje, viganja tu, usiingize vidole katikati ya mizunguko yake kabisa. Springi inatakiwa izunguke laini pamoja na tairi. Ukiona inabaki nyuma, inajikaza, halafu inaruka ghafla na ile toing inatoka muda huo huo na unaisikia mpaka mkononi, basi beringi ya juu haizunguki. Springi inasokotwa mpaka inachoka inajiachia. Hapo ama beringi imekufa na kutu na vumbi, ama imefungwa juu chini, maana ina upande wa juu na upande wa chini na fundi akiwa na haraka anaigeuza bila kujua. Kwenye gari nyingine beringi imeungana na mauntingi, kwenye nyingine inakaa peke yake, ulizia ya gari yako kabla hujanunua. Na nunua za pande zote mbili, kama ya kulia imekufa ya kushoto nayo imekula mashimo yale yale.

Kama beringi ni nzima angalia springi imekaaje. Piga jicho kule chini kwenye sahani ya shokapu, kuna kama kingo au ngazi ndogo, ncha ya springi inatakiwa iishie pale. Ikiwa imepanda juu ya ile ngazi au imekaa mbali nayo, springi itakuwa inasogea kila ukikata kona na chuma kinasugua chuma. Tochi ya simu inatosha kuona. Angalia pia raba za springi zipo, ya juu hasa, zikiwa zimechanika au fundi hakuzirudisha utasikia kriii ya chuma kwa chuma kila siku.

Kurekebisha hiyo lazima shokapu itoke na springi ibanwe na kifaa chake, na hapa naomba sana mnisikilize. Ile nati ya katikati juu ya shokapu isifunguliwe hata robo kabla springi haijabanwa. Ile springi imebeba nguvu ya kuua mtu. Ukiona fundi anabana springi kwa kamba au waya chukua gari yako uondoke.

Sasa kugonga. Ko ko kwenye mashimo madogo mara nyingi ni nati haijakaza. Mashine ya upepo ikizungusha nati ya katikati shafti nayo inazunguka, fundi anadhani imekaza kumbe bado. Weka kidole juu ya kichwa cha shokapu huku mwenzako anabonyeza gari kwa nguvu juu ya madigadi, ukisikia inapiga kidoleni umeipata. Cheki na zile nati za mauntingi kwenye bodi, bolti mbili kubwa za chini zinazoshika nako (kile chuma kinachobeba tairi), na bano la bomba la breki na waya wa ABS maana mafundi wanaliacha likining'inia, linapiga shokapu na watu wanabadili mauntingi bure.

Stabilaiza linki, kile kifimbo kinachounganisha shokapu na stabilaiza (chuma kirefu kinachozuia gari kulala kwenye kona), nayo ni mtuhumiwa mkubwa, maana kwenye gari nyingi inafunguliwa shokapu ikitoka. Ukitaka uhakika fungua linki zote mbili, kulia na kushoto, zifunge kwa waya zisipige kitu, endesha polepole mtaani kwenu mita mia hivi. Sauti ikipotea, ni linki au bushi (raba za kwenye maungio) za stabilaiza. Usiende nayo barabara kubwa ikiwa hivyo, gari itakuwa inalala sana kwenye kona.

Ile kriii ya kupanda tuta polepole, kama kitanda cha zamani, hiyo mara nyingi ni mpira. Bushi za wishboni (ule mkono wa chini unaoshika tairi) au za stabilaiza. Chukua chupa ya maji mwagia bushi moja, bonyeza gari, sikiliza, halafu nenda nyingine. Ukimwagia na kelele ikakata kwa dakika chache ndio hiyo hiyo. Kama wishboni ilifunguliwa siku ile, muulize fundi alikaza bolti zake gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki au ikiwa chini. Zikikazwa tairi inaning'inia mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote, unalia na kuchanika mapema. Dawa yake ni kulegeza, gari ishuke ikae na uzito wake, ndio ukaze. Na tafadhali msipake oili chafu wala grisi ya kawaida kwenye bushi za mpira, kelele inakata wiki moja halafu mpira unavimba unakufa. Ikibidi tumia grisi ya silikoni.

Boli jointi, kile kiungo cha mviringo kati ya wishboni na nako, nayo inaweza kulia kriii ukikata usukani, shika mguu wa wishboni karibu nayo wakati mwenzako anazungusha utaisikia inakwaruza mkononi. Nyanyua gari, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise. Ukiona boli jointi inacheza usiendeshe tena mpaka ibadilishwe, ikichomoka tairi inalala na usukani unapotea, iwe Mandela Road au kichochoroni kwenu.

Ukishamaliza yote, kafanye alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, maana zile bolti mbili za nako zikifunguliwa kemba (mlalo wa tairi ndani au nje) inahama na tairi zitaliwa upande mmoja.