Kumtunza Mjusi-Chui Ndani ya Nyumba

Mjusi-chui, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Eublepharis macularius, asili yake ni nyanda kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Tofauti na mjusi kafiri tuliyemzoea ukutani, huyu hufumba na kufumbua kope, na vidole vyake haviwezi kunata kwenye kioo. Akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, jambo ambalo mzazi anayetaka kumnunulia mtoto zawadi hana budi kulipima mapema.

Chagua aliyezaliwa kwa mfugaji, kamwe si aliyekamatwa porini. Tamaa ya wafugaji wa ng'ambo ilimfikisha pabaya mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, hata mwaka 2017 akawekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, yaani orodha yake yenye ulinzi mkali kuliko zote.

Sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa 45 linamtosha mmoja, naye akae peke yake, kwa kuwa madume wawili hupigana hadi kuumizana vibaya. Sakafuni tandika karatasi za jikoni au vigae. Mchanga laini hupendeza macho, lakini mjusi mchanga anaweza kuumeza pamoja na windo ukamziba utumbo.

Jambo la kushughulikia kuliko yote ni joto. Mwili wa mjusi hutegemea joto la mahali alipo, na bila joto la kutosha chakula hakisagiki, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo sakafu ya upande mmoja iwe na nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Chanzo cha joto kiunganishwe na kidhibiti joto, na kihisio chake kilazwe pale pale anapolaza tumbo, kwa sababu kipimo kilichobandikwa kwenye kioo hakikuelezi hali ya sakafu. Mawe ya umeme yaepukwe, maana huunguza ngozi ya tumbo. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam shida hugeuka: wakati wa kiangazi kazi ni kuupata huo upande wa baridi, na sanduku lisikae kabisa penye jua la dirishani.

Mpe maficho matatu: penye joto, penye ubaridi, na la tatu lenye unyevu, ambalo ni kopo la plastiki lililotobolewa mlango na kuwekwa karatasi mbichi ndani. Humo ndimo atakamoingia akikaribia kujivua, ngozi ikianza kuwa nyeupe, kisha ataivuta kwa mdomo na kuila. Baada ya hapo kagua vidole kimoja kimoja. Ukiona pete ya ngozi iliyosalia, lowesha mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha isugue taratibu kwa pamba, kwani ikiachwa itakaza hadi kidole kife.

Chakula chake ni wadudu hai, hasa nyenje, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Walishe mboga siku moja kabla, kisha wapake unga wa kalisi, kwani ukosefu wake hulainisha na kupinda mifupa. Mjusi mchanga hula kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu, na maji safi yawepo daima. Nyenje waliosalia waondolewe, maana usiku humng'ata mjusi. Mende wa jikoni huenda wamepuliziwa dawa, na kimulimuli ni sumu inayoua.

Usimshike mkia, kwa sababu huukata akitishika, na unaoota tena huwa na umbo jingine. Mkia huo ndio ghala la mafuta yake. Ukianza kukonda, mpeleke kwa daktari wa wanyama pamoja na kinyesi chake cha karibuni. Kila umshikapo, nawa mikono kwa sabuni, kwani hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima.